Transista kwa bei ya pipi

Wiki mbili zilizopita nilikaa kwenye kibanda cha fundi wangu wa redio, Manzese, nikamtazama akiikata transista, kile kidude kinachokuza mawimbi ya umeme ndani ya redio, kwa msumeno wa chuma. Aliibana kwenye jiliwa, akapitisha msumeno taratibu kuizunguka kofia, akaibandua kwa bisibisi. Ilikuwa 2N3055, ile ya ganda la chuma yenye umbo la jicho na matundu mawili ya skrubu, ambayo kila aliyewahi kufungua amplifaya ya zamani anaijua. Iliungua siku ileile ilipofungwa, kwenye muziki wa mtaani, wimbo wa pili haujaisha.

"Sogea uone mwenyewe," akaniambia.

Katikati ya bamba kulikuwa na kipande cha silikoni, ambacho ndicho transista yenyewe, kidogo kama punje ya mtama, kimeungua upande mmoja. Mzee akafungua kopo la maziwa ya unga anamowekea vitu vyake, akatoa 2N3055 nyingine, ya miaka mingi, nayo ilishakatwa kichwa. Kipande cha humo kilikuwa na upana wa ukucha wa mtoto. Jina ni lilelile, na maandishi ya ile mpya yamepigwa vizuri kuliko ya zamani. Kwa karatasi ya kiwanda, 2N3055 hubeba ampia 15, volti 60 na wati 115. Ni kweli kwamba hata viwanda halali vimebadili utengenezaji na vipande vyao vimepungua ukubwa, lakini havijapungua hadi kuwa mtama. Hii ilikuwa transista ya kazi ndogo iliyovishwa koti la baba yake.

"Hii niliuziwa elfu mbili, Kariakoo," mzee akasema. Duka hakulitaja na mimi sikumuuliza. Nilimuuliza ya orijino ingekuwa shilingi ngapi. Akacheka. "Bei si tatizo, mwanangu. Utajuaje kwamba ni yenyewe?"

Habari ya transista husimuliwa siku zote kama habari ya bei kushuka. Mwanzo ilikuwa ghali, ikawa rahisi, sasa ni kama bure, makofi. Mimi nadhani usimulizi huo umeruka jambo moja. Sehemu kubwa ya gharama ya transista ya kwanza ilikuwa gharama ya kuijua: kuipima, kuichambua, kuitenga nzuri na mbaya. Viwanda vikapata njia ya kuipunguza gharama hiyo, nasi tukadhani imeisha. Kumbe imehamia mahali pengine, na anayeilipa leo ni fundi wa kibandani na mteja wake.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 16 Desemba 1947, kwenye maabara za Bell pale Murray Hill, New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walifanikisha transista ya kwanza, ikakuza mawimbi bila valvu, zile chupa za glasi zilizofanya kazi hiyo kabla yake. Ukiiona picha yake unaweza kudhani ni kazi ya mtoto wa shule. Brattain alichukua kabari ya plastiki, akaizungushia karatasi nyembamba ya dhahabu, kisha akaichana dhahabu hiyo kwa wembe pale kwenye ncha ili apate miguso miwili iliyokaribiana mno. Kabari ikakandamizwa kwa springi juu ya kipande cha jemaniamu, iliyotangulia silikoni kwenye kazi hii. Basi. Siku saba baadaye wakawaonyesha wakubwa wao. Dunia ilipotangaziwa, mwishoni mwa Juni 1948, gazeti la New York Times liliipa aya chache kwenye safu ya habari za redio, ukurasa wa 46.

Aya zilikuwa chache, na mwandishi wa siku ile simlaumu. Kifaa chenyewe kilikuwa na tabia ya mbuzi. Ukikigusa meza, kimebadilika. Ukitengeneza viwili kwa mkono uleule, siku ileile, havifanani. William Shockley, bosi wao, ambaye alikasirika kwamba jambo kubwa limefanyika bila mkono wake, alijifungia akabuni aina nyingine, yenye tabaka za ndani badala ya ncha za kugusa, na hiyo ndiyo iliyoweza kwenda kiwandani. Wote watatu walipata tuzo ya Nobel mwaka 1956.

Lakini hata hiyo ya Shockley haikuwa rahisi kufuga. Transista nyingi za miaka ya hamsini zilitengenezwa hivi: unachukua kijipande chembamba cha jemaniamu, unaweka kitone cha madini ya indiamu upande huu na kingine upande wa pili, unavipasha moto hadi vitone viyeyuke na kuingia ndani kutoka pande zote mbili. Nguvu ya transista inategemea ni unene gani wa jemaniamu umebaki kati ya vile vitone. Vikiingia kidogo, transista ni dhaifu. Vikizidi, vimekutana, umeharibu. Joto la tanuri likiyumba kidogo tu, una kundi zima la vitu visivyofanana. Kwa hiyo kiwanda kilitengeneza kwanza, kisha kikauliza kimetengeneza nini. Kila moja ilichomekwa kwenye kipimo, ikapewa daraja kulingana na ilivyojibu.

Hapo ndipo ilipotokea CK722, transista ambayo wazee wa Marekani waliojifunza elektroniki wakiwa watoto huitaja kwa mapenzi. Watu wa kampuni ya Raytheon walikuwa wakitengeneza transista za vifaa vya kusaidia kusikia. Zilizoshindwa mtihani wa kazi hiyo hawakuzitupa. Mwaka 1953 wakazipa jina jipya, wakaanza kuwauzia wapenda ufundi kwa dola 7.60 moja. Yaani transista ya kwanza kufika mikononi mwa mwananchi wa kawaida ilikuwa makapi, tena makapi ya bei ya kuumiza. Ila yalikuwa makapi yaliyopimwa, na muuzaji hakumficha mtu kiwango cha kile anachokiuza.

Mwaka uliofuata ilitoka Regency TR-1, redio ya kwanza ya mfukoni ya transista kuuzwa madukani. Ilikuwa na transista nne za jemaniamu na bei ya dola 49.95. Ili kuelewa kwa nini watu walilipa fedha hiyo, tazama walichokuwa nacho wengine. Mwaka 1949 Lusaka ilipata redio iliyoitwa "Saucepan Special", yaani redio sufuria, kwa sababu ganda lake lilitokana na sufuria ya alumini. Afisa aliyeitwa Harry Franklin aliwabembeleza watengenezaji wa betri wa Ever Ready waitengeneze kwa ajili ya Waafrika wasio na umeme. Ilikuwa ya valvu. Redio yenyewe pauni tano, na juu yake betri nzito ya bei ya pauni moja na ushei iliyodumu saa 300 hivi. Valvu ni mlafi, lazima nyuzi zake zipashwe moto muda wote, hata mtangazaji akinyamaza. Transista haipashwi chochote. Kwa nchi zisizo na nyaya za umeme, hilo lilikuwa na uzito kuliko udogo wake.

Tanzania ililiona hilo mapema. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio vijijini, haiwezekani hata kuifikiria kwa redio za valvu. Mwenyekiti wa kikundi angebeba betri ya aina gani? Kwa redio ya transista unaweka mawe, na mawe yakichoka unayaanika juani asubuhi ili jioni yakusogeze hadi taarifa ya habari. Nani hakuyaanika?

Sasa hesabu ya leo. BC547, transista ndogo ya plastiki ambayo kila mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA ameichoma angalau moja, huuzwa kwa bei ya pipi. Ile ya vijiguu vifupi, ya kubandikwa juu ya bodi, ukinunua maelfu kwa wauzaji wa Uchina haifiki senti moja ya Marekani. Kuna chipu za kampuni ya Taiwan iitwayo Padauk zilizowahi kuuzwa kwa senti tatu, na hizo ni kompyuta kamili, ndogo lakini kamili, unaiandikia programu inatii. Chipu ya M1 ambayo Apple waliitoa mwaka 2020 ina transista bilioni 16. Kwa bei ya CK722 hizo ni dola bilioni 121 na ushei, bila kuhesabu anayezilehemu.

Zimeshukaje hivyo? Jibu ambalo watu wengi hulitoa ni Uchina na ujira mdogo. Hilo ni jibu la juujuu. Jambo kubwa lilitokea mwaka 1959 kwenye kampuni ya Fairchild, California, pale Jean Hoerni alipobuni njia ya kutengeneza transista yote juu ya uso wa silikoni iliyofunikwa kwa oksidi yake yenyewe, kama glasi. Oksidi hiyo inazilinda sehemu za ndani zisiguswe na unyevu wala uchafu, na michoro inapigwa kwa mwanga, kama picha. Piga hesabu mwenyewe: chukua sahani ya silikoni yenye upana wa milimita 150, uikate vipande vya thuluthi moja ya milimita kila upande. Hata ukitoa unga wa msumeno na vipande vibovu vya pembeni, unabaki na zaidi ya laki moja. Zote zimeingia tanuri moja, zimepigwa mwanga mmoja, zimefanana kama nazi za mnazi mmoja. Hakuna aliyeweka kitone. Siku hizi kwenye transista ya namna hiyo, ganda la plastiki, miguu na upimaji ndivyo vinavyokula fedha, silikoni yenyewe ni chenji.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "vitu vya zamani vilikuwa imara". Kwa transista, huo ni uzushi. Jemaniamu ilikuwa haivumilii joto. Mkondo unaovuja ndani yake huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi kumi, na redio iliyosahaulika kwenye dirisha la gari, Dar es Salaam, mwezi wa Januari, ilianza kukoroma kama mzee mwenye pumu. Mwaka 1954 Gordon Teal wa Texas Instruments alisimama kwenye mkutano wa wahandisi Dayton, Ohio, baada ya wenzake kueleza kwa zamu jinsi transista ya silikoni ilivyo mbali. Yeye akasema anazo mfukoni. Kisha akachukua kinanda cha santuri chenye transista za jemaniamu, akazichovya kwenye mafuta ya moto, muziki ukakatika. Akachovya za silikoni, muziki ukaendelea.

Kulikuwa na vituko vingine. OC71 ya kampuni ya Mullard ilikuwa ndani ya glasi iliyopakwa rangi nyeusi, na wapenda ufundi waligundua kwamba ukiikwangua rangi, transista inaanza kuuona mwanga. Mullard wenyewe waliuza ya kuona mwanga, OCP71, kwa bei ya juu zaidi, kwa hiyo unaweza kukisia furaha ya waliokwangua. AF117 nayo ilikuwa na ugonjwa wake: ndani ya kopo lake bati huota vinyweleo, virefu na vyembamba kuliko unywele, hadi viguse sehemu za ndani na kuleta shoti. Transista inakufa ikiwa imelala kwenye droo, hajaitumia mtu. Mzee wangu wa Manzese ana dawa yake: kati ya miguu minne, anakata ule mmoja ulioungwa na kopo, redio inaamka. Alifundishwa na bwana wake, naye bwana wake simjui.

Basi kama transista ya leo ni bora, mbona vitu vyetu havidumu? Nilimpelekea mzee swali hilo pamoja na balbu ya LED ya wati 9 iliyokufa, ile niliyoandikiwa kwenye boksi kwamba ingedumu saa elfu kadhaa na ikadumu kuanzia Idi hadi Idi. Akaibandua kuba la plastiki kwa mkono. Ndani kuna bamba jeupe lenye vitaa vidogo vya njano vimepangwa mduara. Kimoja kina doa jeusi katikati, kama jino lililotoboka. "Huyu ndiye," akasema. Vimeungwa kimoja baada ya kingine kama shanga kwenye uzi, kimoja kikikatika, vyote giza. Vingine vyote vilikuwa vizima, akaviwasha kimoja kimoja kwa mita ili nione. Balbu nzima imetupwa kwa kosa la kitaa kimoja, na kosa la kitaa ni joto, kwa sababu aliyeibuni amekisukuma hadi mwisho wa uwezo wake ili atumie vitaa vichache.

Balbu ambazo vitaa vyake vimepona, mara nyingi kilichokufa ni kapasita, kile kimkebe kinachohifadhi umeme kwa muda. Hapa ndipo ningependa kila mnunuzi akasome maandishi ya kwenye mkebe. Kapasita nyingi za bei ya chini huandikwa nyuzi 105, na karatasi yake husema saa 2,000 kwenye joto hilo. Saa 2,000 ni siku 83. Haina maana kwamba itakufa siku ya 84, maana kila ukishusha joto nyuzi kumi, umri wake huongezeka takriban maradufu. Lakini ibanie kwenye shingo ya balbu, juu ya dari la mabati, isikopita hewa, halafu umwulize mwenye duka kwa nini imekufa. Ndani yake kuna majimaji, na majimaji hukauka. Silikoni iliyo pembeni yake bado mbichi kabisa, ingeweza kufanya kazi miaka thelathini mingine. Tunatupa kitu kinachodumu kwa sababu kimezikwa pamoja na kitu kisichodumu, na kuvitenganisha kunahitaji mtu, na mtu ana bei.

Nikiwa pale aliingia kijana na kipaza sauti cha bluetooth. Mzee akakifungua, akanusa kwanza (ananusa kila kitu, na mara nyingi pua inampa jibu kabla ya mita), akapima kama dakika ishirini, akapata transista moja imekufa karibu na tundu la chaja. Akaibandua, akaweka nyingine, kikawaka. "Elfu nane."

"Elfu nane, mzee? Hako kadude si mia mbili?"

"Mia mbili ndiyo."

"Sasa hiyo nyingine?"

Mzee hakujibu, akawa anasafisha ncha ya pasi yake ya kulehemu kwenye sponji. Wakaishia elfu tano. Kijana aliondoka akiamini ameibiwa, na mimi namwelewa, kwa sababu kila anachokiona kinamwambia kwamba vitu hivi havina thamani. Redio ilipokuwa na transista nne za bei mbaya, bei ya kipuri ilimficha fundi ndani yake. Mteja alilipa "transista" na moyo wake ukatulia. Leo kipuri kimeshuka hadi sifuri, fundi amebaki uchi na bei yake, na jirani anauza kipaza sauti kipya kwa elfu kumi na tano. Sioni fundi akishinda hesabu hiyo kwa kushusha bei.

Wala sioni akishinda kwa kununua orijino, kwa sababu orijino haina sura. Kitu kikiwa cha bei ya pipi, hakuna muuzaji atakayepoteza dakika kukikagua, na mghushi anaijua hiyo dakika. Mara nyingi bidhaa feki haighushwi tangu mwanzo. Ni kipuri halisi cha daraja la chini, kilichokwanguliwa jina lake na kupigwa jina la mkubwa. Raytheon nao waliuza daraja la chini mwaka 1953, lakini kwa jina la daraja la chini.

Ndiyo maana nikaliulizia lile kopo la maziwa. Mzee akalimimina juu ya gazeti. Transista za kila namna, zilizobanduliwa kwenye televisheni za kioo cha mgongo, UPS zilizokufa, printa za ofisini. Mpya za dukani amezitia kwenye mfuko wa plastiki, kando, hazijaingia kopo. Kila inayoingia kopo ameipima kwa mkono, na ameifungia kikaratasi kwa uzi wa cherehani, kimeandikwa kwa kalamu ya wino nambari ya kiwango cha kukuza ambayo mita ilimpa. Nikachukua 2N3055 moja iliyotoka kwenye mashine iliyotupwa pengine kabla sijaanza darasa la kwanza. Kikaratasi chake kilisema 62.

"Hiyo nimeipima mara tatu," akasema, akaichukua mkononi mwangu, akaanza kuipaka mafuta meupe ya kupozea ili aifunge kwenye ile amplifaya.